Je, Anasikia? Wakristo na Mama wa Yesu

Ukitaka kujua Wakristo wa Dar es Salaam wanaachana wapi hasa juu ya mama wa Yesu, weka kando vipeperushi na mahubiri ya vipaza sauti, nenda msibani. Uwe msiba wa mchanganyiko, kama ilivyo mingi ya Mtoni, ambako kuanzia Kwa Aziz Ali mpaka Mtongani nyumba zimebanana na ukoo mmoja unaweza kuwa na Mkatoliki, Mlutheri, Mlokole na Mwislamu. Turubai limefungwa kukatisha uchochoro, viti vya plastiki vimekodiwa, wanawake wako kwenye mikeka. Baada ya magharibi inafika jumuiya ya Kikatoliki ya marehemu. Kinaletwa kistuli, kinatandikwa kitenge, juu yake inawekwa sanamu ndogo ya Bikira Maria na mshumaa ndani ya glasi ili upepo usiuzime, na rozari inaanza. Inapofika Baba Yetu, turubai zima linasali. Inapofika Salamu Maria, sauti inashuka karibu nusu. Shemeji Mlutheri ameinamisha kichwa, kimya. Shangazi Mlokole ameinuka kwenda kuangalia chai. Aliye nje, asiyeona uso wa mtu, anaweza kukisia kwa sikio tu ukoo huu umegawanyika vipi. Na kwa kuwa rozari ya makumi matano ina Salamu Maria 53 dhidi ya Baba Yetu 6, ukimya huo si mfupi.

Sala hiyo yenyewe ina vipande viwili, na wengi wanaoisali kila siku hawajawahi kuona mshono. Kipande cha kwanza kimetoka Injili ya Luka: ni salamu ya malaika Gabrieli na maneno ya Elisabeti. Hakiombi kitu, kinamsifu tu mwanamke na mtoto wake. Kipande cha pili ndicho kinachomgeukia Maria na kumtaka atuombee sasa na saa ya kufa, na maneno yake tunayoyajua leo yalipata muhuri rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pius wa Tano mwaka 1568. Martin Luther alipotoa kijitabu chake cha sala mwaka 1522 aliiacha Salamu Maria ndani, lakini ya kipande cha kwanza peke yake, akieleza kwamba ni sifa na wala si maombi. Kwa hiyo shemeji yule aliyenyamaza angeweza kusali nusu nzima bila kumkosea mwanzilishi wa kanisa lake. Mpasuko uko pale kwenye mshono, mahali ambapo kumsifu mtu kunageuka kuwa kusema naye. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ugomvi unaoitwa wa Maria ni, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya wafu: je, aliyekufa katika Kristo anasikia anapoitwa, na je, ni halali kumwita?

Kwa kawaida ugomvi huu unaelezwa kwa namna nyingine. Tunaambiwa kwamba Wakatoliki wamempa Maria cheo kikubwa mno na Waprotestanti wamempa kidogo mno, kana kwamba kuna mizani mahali fulani na kazi yetu ni kutafuta kilo sahihi. Maelezo hayo yanakwama kwa mifano miwili. Luther huyo huyo aliamini kwamba Maria alibaki bikira maisha yake yote na alimwita Mama wa Mungu bila kusita. Ufafanuzi wake wa wimbo wa Maria, ulioandikwa mwaka 1521, una heshima ambayo Walutheri wengi wa leo wangeiona ya Kikatoliki. Hata hivyo baadaye hakutaka aombwe. Upande wa pili, Waorthodoksi hawakubali fundisho la Pius wa Tisa la tarehe 8 Desemba 1854 kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, wala hawalitambui tangazo la Pius wa Kumi na Mbili la tarehe 1 Novemba 1950 juu ya kupalizwa kwake mbinguni kama jambo ambalo Papa anaweza kulifunga. Lakini hakuna Mkristo anayemwita na kumsihi Maria kwa wingi kuwashinda wao. Yupo basi aliyempa cheo asimwombe, na yupo anayekataa vyeo viwili vya Roma akamwomba usiku na mchana. Cheo na maombi haviendi pamoja.

Cheo kilichozua vita ya kwanza, Mama wa Mungu, ni rahisi kukielewa kwa mtu wa Uswahilini kuliko kilivyokuwa kwa Nestorio wa Konstantinopoli. Yeye aliona hatari: kiumbe atamzaaje Muumba? Akapendekeza aitwe Mama wa Kristo, na mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukamkatalia. Sasa mtazame mwanamke wa Mtoni. Akishazaa, jina alilopewa na babake linabaki kwenye kadi ya kliniki. Mtaani yeye ni Mama Neema au Mama Juma mpaka anazikwa. Jina hilo linamtaja mtoto kuliko linavyomtaja yeye. Na mama wa daktari hakuzaa udaktari. Amezaa mtu, na mtu huyo ni daktari. Ndivyo Efeso ilivyojenga hoja: ukikataa kumwita mama yake Mama wa Mungu, umeanza kusema kwamba yule mtoto si Mungu, au ni wawili waliokaa ndani ya ngozi moja. Ni jina la heshima kwa mama lililowekwa kulinda hadhi ya mwana. Mlokole wa Temeke anayeruka akilisikia anaamini kila neno ambalo jina hilo lilitungwa kulilinda, na hapo anagombana na sauti ya neno zaidi ya maana yake.

Mengine nitayapitia haraka. Suala la ndugu zake Yesu waliotajwa katika Marko sura ya 6, ambalo Hieronimo alilijibu kwa hasira karibu mwaka 383 akisema ni jamaa na wala si watoto wa Maria, kwa Kiswahili halina hata pa kuanzia, maana neno ndugu kwetu linabeba wa tumbo moja, binamu, mtu wa kijiji kimoja, na kwa miaka mingi ya Ujamaa lilimbeba kila mwananchi. Mbishi wa Kiprotestanti analazimika kutoka nje ya Biblia yake ya Kiswahili na kwenda kwenye Kigiriki ndipo hoja yake ipate meno. Kwenye salamu ya Gabrieli hali inageuka: wafasiri wa upande mmoja wametumia kitenzi cha kupewa neema na wa upande mwingine kitenzi cha kujaa neema, na tofauti hiyo ndogo imebeba mzigo mkubwa, kwa sababu aliyepewa ni mpokeaji kama mimi na wewe, ilhali aliyejaa anaonekana kama pipa ambalo wengine wanaweza kwenda kuchota. Asili ya Kigiriki inaelekea kwenye kupewa. Nasema hivyo nikijua kwamba haimalizi chochote.

Shutuma inayosikika zaidi barabarani ni ya kuabudu sanamu, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenganisha ibada impasayo Mungu peke yake na heshima inayotolewa kwa picha, ukisema heshima hiyo inapita kwenda kwa yule aliyechorwa. Mtu anayebusu picha ya mama yake aliyeko kijijini hajachanganyikiwa akadhani karatasi imemzaa. Lakini Wakatoliki wa Kiswahili wamejikoroga wenyewe kwenye lugha. Kilatini kina neno moja la kumwabudu Mungu na mengine ya kuwaheshimu watakatifu. Sisi tumekopa ibada na kuabudu kutoka Kiarabu, maneno ya mzizi mmoja, kisha katika vitabu na redio za Kikatoliki tukaandika bila wasiwasi "ibada kwa Bikira Maria". Msikilizaji wa nje akisikia ibada, atahitimisha nini? Neno kuomba nalo lina tatizo lake. Naomba chumvi, naomba kazi, naomba msamaha, naomba kwa Mungu: kitenzi ni kile kile. Mkatoliki akisema anamwomba Maria, kwake ni kama kumwomba jirani amshikie mtoto. Mlokole, ambaye kuomba bila neno lingine maana yake ni kukesha mbele za Mungu, anasikia kufuru. Wote wawili wanasema Kiswahili safi.

Shutuma nzito zaidi ni ile ya mpatanishi mmoja. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unasema mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, na mhubiri akishausoma anaona kesi imekwisha. Nani asiyejua hapa mjini maana ya kupitia kwa mtu? Huendi kuposa bila mshenga. Hupati dhamana bila barua ya serikali ya mtaa. Mprotestanti anasema pazia la hekalu lilipasuka ili tuachane na barua hizo mbele za Mungu, na ni hoja yenye nguvu. Kinachoipunguzia nguvu ni maisha ya makanisa yenyewe. Tembea jioni moja pembeni ya Barabara ya Kilwa usome mabango: usiku wa maombezi, huduma ya maombezi na kufunguliwa, mtumishi wa Mungu atakuombea. Watu wanapanga foleni mchungaji awawekee mikono, awapake mafuta, awape maji waende nayo nyumbani. Kila mmoja kwenye foleni ile anaamini mpatanishi ni mmoja, na bado anaona ombi la mtumishi lina uzito ambao lake halina. Neno lililoandikwa kwenye bango, maombezi, ndilo neno lile lile ambalo Mkatoliki analitumia kwa Maria. Waraka ule ule kwa Timotheo, mistari michache kabla, unaagiza watu waombewe. Kwa hiyo kuombewa hakukatazwi, na hakuna anayekukataza. Tofauti pekee iliyobaki kati ya foleni ile na rozari ile ni kwamba mchungaji yuko hai na Maria amekwisha kuondoka duniani.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini, na ushahidi bora kabisa nauona kwa Wasabato. Wao wanafundisha kwamba mtu akifa analala bila fahamu mpaka ufufuo. Wanasimamia Mhubiri sura ya 9, kwamba wafu hawajui neno lolote. Ukishakubali hilo, suala zima la Maria linaisha bila kubishana juu ya ubikira wala kukingiwa dhambi. Yule mama mwema amelala, hasikii, na sauti yoyote inayodai kuwa yake imetoka kwingine. Walutheri wako katikati, na hapo panavutia. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo KKKT inalishika, linasema katika kifungu cha 21 kwamba watakatifu wakumbukwe na waigwe imani yao, ila Maandiko hayafundishi kuwaomba. Mwaka uliofuata mwandishi wake mkuu, Melanchthon, aliandika utetezi wa ungamo hilo, na ndani yake akakiri kwamba malaika wanatuombea, kwamba watakatifu wanaliombea kanisa kwa ujumla, na kwamba Maria mbarikiwa naye analiombea kanisa. Walutheri wengi wangeshangaa kukuta sentensi hiyo nyumbani kwao. Anachokikataa ni kwamba tuna uhakika wowote wanasikia maombi ya mtu mmoja mmoja, na kwamba tuna amri au mfano wa kuwaita. Shemeji yetu pale msibani, kwa mujibu wa vitabu vyake, anaweza kuamini kuwa Maria anamwombea usiku ule ule. Asichoweza ni kumwambia.

Kwa nini katazo hilo lina ukali namna hii? Kwa sababu Biblia ina hofu ya kweli juu ya kusema na wafu. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inawakataza Israeli kutafuta habari kwa waliokufa, na Sauli aliyekwenda usiku kwa mwanamke wa Endori hakuishia vizuri. Waprotestanti wakorofi wanaongeza kwamba mtu pekee katika Injili anayemwomba mtakatifu aliyekufa ni yule tajiri wa Luka 16, akiwa motoni, na Abrahamu anamnyima hata tone la maji. Wakatoliki nao wana jibu, na si jibu la kubahatisha: Yesu mwenyewe alisema Mungu si Mungu wa wafu, kwa kuwa kwake wote ni hai, Musa alisimama na kuzungumza mlimani karne nyingi baada ya kufa kwake, Ufunuo sura ya 5 inaonyesha wazee wa mbinguni wameshika vitasa vyenye sala za watakatifu, na mtu hashiki chombo asichojua kina nini ndani. Kutafuta siri kwa mzimu, wanasema, ni tofauti na kumwomba dada yako aliye mbele za Mungu akukumbuke. Kwangu jibu hili linatosha kuonyesha kwamba Mkatoliki si mpunga pepo. Halitoshi kuonyesha kwamba Maria anasikia. Kutoka "yu hai" hadi "anakusikia wewe, hapa, kwa Kiswahili" kuna hatua, na hatua hiyo Kanisa Katoliki linaivuka kwa mapokeo, likisema ni Mungu anayemjulisha. Anayekubali mapokeo atavuka. Asiyeyakubali hana daraja.

Kuna watakaosema huu ni ugomvi wa Wazungu tulioletewa na meli. Kwa historia wana haki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakiwa shirika lililobeba jina la Moyo Safi wa Maria; wamisionari wa Berlin wakaja miaka ya 1880 na Luther wao; na leo ukiwa ndani ya boti ya Zanzibar unaona mnara wa Mtakatifu Yosefu na paa la Azania Front vimekaa jirani mbele ya bandari, Ujerumani nzima ya karne ya 16 ndani ya hatua chache. Lakini mbegu ngeni haimei kila udongo. Hii ilimea kwa sababu ilikuta watu wenye swali lao tayari: babu aliyezikwa nyuma ya nyumba anatutazama au hatutazami? Wamisionari wa pande zote mbili walipiga vita matambiko. Tofauti ni kwamba Mkatoliki alimwambia mwongofu aache kumwita babu na badala yake amwite Yosefu na Maria, akambakizia mazoea na kumbadilishia anwani. Mprotestanti akamwambia afunge mlango kabisa. Si ajabu basi kwamba mwanateolojia wa Kikatoliki kutoka Tabora, Padri Charles Nyamiti, ndiye aliyeandika mwaka 1984 kitabu kinachomweleza Kristo kama mhenga wetu, na kwamba wahubiri wa Kilokole wanapomshambulia Maria wanamweka kapu moja na mizimu. Wote wameona kitu kimoja.

Atakayebisha bado awatazame majirani zake Waislamu. Kwao cheo cha Bibi Maryamu hakina mjadala: ni bikira, ameteuliwa juu ya wanawake, sura ya 19 ya Kurani ina jina lake, na ni mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika kitabu chote. Kumwomba ni shirki, na Kurani yenyewe inamhoji Isa kama yeye aliwaambia watu wamfanye yeye na mamake kuwa miungu. Hata hivyo, huko huko Temeke, wenye tarika na maulidi wanabishana na Ansar Sunna juu ya tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kupitia walii, na kuzuru makaburi ya mawalii, kwa hoja zinazofanana na zetu mpaka zinatia kizunguzungu: walii yu hai kaburini au la, anasikia au la, kumtaja ni kumheshimu au kumshirikisha. Ugomvi uko pale pale, na jina la Maria halimo.

Wala mpaka haupiti tu kati ya kanisa na kanisa. Kwa Waanglikana unapita sebuleni. Kanisa la Zanzibar, Masasi na Muheza lililelewa na wamisionari wa UMCA, watu wa ubani, kengele na Salamu Maria. La Dodoma na Kigoma lililelewa na wale wa CMS, watu wa Biblia na uamsho. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, anakumbukwa kwa kuwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda mwaka 1913 baada ya mkutano wa Kikuyu, Kenya, ambako walishiriki meza ya Bwana na Waprotestanti wengine. Kinachosahaulika ni kwamba katika barua yake ya wazi ya mwaka huo, mojawapo ya malalamiko yake matatu lilihusu padri wa jimbo la St Albans, Uingereza, aliyepigwa marufuku na askofu wake kwa kumwita Maria na watakatifu katika sala. Weston aliuliza: kanisa gani hili linalowavumilia wasomi wanaotilia shaka Injili yenyewe, halafu linamwadhibu mtu kwa kuomba waliotangulia wamwombee? Tangu 1970 mapokeo hayo mawili yamo ndani ya jimbo kuu moja la Tanzania, na hadi leo Mwanglikana akihama kutoka Kongwa kuja Dar es Salaam anaweza kuingia kanisa lenye jina la kanisa lake akajiona mgeni.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu ni hili: kiini ni mamlaka, wala si wafu. Waprotestanti wanasimama kwenye Maandiko peke yake. Wakatoliki wana mapokeo na Papa. Maria ni mfano mmoja tu. Nakubali nusu. Bila tofauti ya mamlaka, swali la kama Maria anasikia lingekuwa na mwamuzi. Lakini mamlaka hayaelezi kwa nini ni hapa damu inachemka. Mafundisho mengi hayamo wazi katika Biblia na hakuna anayemsusia mwenzake sala msibani kwa ajili yake. Tena, ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe, ambako mamlaka hayana utata, Maria amegawa watu karibu katikati. Tarehe 29 Oktoba 1963, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipiga kura kama Maria apewe hati yake au awekwe ndani ya hati juu ya Kanisa. Walioshinda, waliotaka awe ndani ya Kanisa pamoja na sisi, walikuwa 1,114 dhidi ya 1,074. Kura 40 tu kati ya zaidi ya elfu mbili. Na tarehe 4 Novemba 2025 Roma ilitoa waraka ukisema jina la Mkombozi Mwenza halifai kutumika kwa Maria, na kuonya juu ya kumwita mpatanishi wa neema zote. Waraka haukukataza kumwomba atuombee. Roma inapunguza vyeo, simu haikati.

Na simu inayoweza kupigwa inaweza pia kupokewa. Sehemu hii ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, na ndiyo Wakatoliki wanaijua vizuri kuliko wanaowashambulia. Kama Maria yu hai na anasikia, nani atazuia asiseme? Kule Kibeho, Rwanda, alisema, kwa ushahidi wa Alphonsine Mumureke na wanafunzi wenzake, kuanzia tarehe 28 Novemba 1981. Ilichukua karibu miaka 20, mpaka tarehe 29 Juni 2001, Askofu Augustin Misago kuwakubali wasichana watatu tu kati ya wengi waliodai, na katikati ya miaka hiyo nchi yao ilipita kwenye mauaji ya kimbari. Uganda nako Credonia Mwerinde alidai ujumbe wa Maria, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea ndani ya jengo la sala huko Kanungu. Hapa Dar es Salaam, Padri Felicien Nkwera, aliyetoka Jimbo la Njombe, alisema Bikira Maria ndiye aliyempa huduma ya kuombea wagonjwa, akajenga kituo Ubungo Riverside, na katika miaka ya 1990 maaskofu, ambao baraza lao lina makao Kurasini, si mbali na Mtoni, waliachana naye na wafuasi wake, Wanamaombi. Kulikuwa na mzozo wa utii na wa kupokea komunyo mkononi au mdomoni, lakini chini ya yote lilikuwepo swali moja: mtu akisema Mama ameniagiza, askofu atasema nini? Maaskofu hawakubisha kwamba Maria anaombea wagonjwa. Walibisha juu ya nani ameshika mkonga wa simu. Taratibu mpya za Roma za Mei 2024, zinazomwepusha askofu na kutamka kwamba tukio fulani hakika limetoka mbinguni, ni woga wenye busara wa watu walioona mambo.

Kwa hiyo, wapi pa kusimama? Kwa maoni yangu, Waprotestanti wa Tanzania wana hoja kwenye mshono na hawana hoja kwenye kipande cha kwanza. Maria wa Luka alitabiri kwamba vizazi vyote vitamwita heri. Kanisa ambalo mwaka mzima linamtaja mara moja, kwenye igizo la watoto la Krismasi, na likibanwa linasema alikuwa chombo tu, halitimizi hata Maandiko linayoyatetea. Chombo hakisemi "na iwe". Yeye aliulizwa na akajibu. Wakatoliki nao wana deni. Wanawajibu wapinzani kwa lugha ya vitabu, kwamba wanamwomba aombe, halafu wanaiacha mitaani lugha ambayo ndani yake Maria anatenda, anatoa, anaokoa na hata anamtuliza Mwanawe mwenye hasira, kana kwamba mbinguni kuna baba mkali na mama mpole wa kukimbilia. Picha hiyo inatoka kwenye nyumba zetu zaidi ya Injili, na ni ya kikatili kwa Kristo.

Msiba wa Mtoni huwa hauishi usiku ule wa rozari. Kama marehemu aliolewa upande wa Walutheri, siku ya kuzika mchungaji wa usharika naye atapewa nafasi. Hatamwombea marehemu, kwa sababu kanisa lake linaamini hukumu ya marehemu imo mikononi mwa Mungu; atawafariji wafiwa, kisha atawasimamisha wote wakiri imani. Jumuiya ya jana itasimama, na kile kistuli kimekwisha kurudishwa ndani. Watasema kwa sauti moja kwamba wanaamini ushirika wa watakatifu. Safari hii sauti haishuki, ingawa mama mmoja kwenye mkeka, kwa maneno hayo hayo, anamjumuisha marehemu aliye mbele yake na Bikira Maria pamoja, na shemeji yake anamaanisha waliosimama chini ya turubai.